Waliokaa Kando ya Watoto

Mwaka 1755 Benki Kuu ya Sweden, Riksbanken, ilianzisha kiwanda cha karatasi huko Tumba, kusini-magharibi mwa Stockholm. Kilikuwa na kazi moja kubwa: kutengeneza karatasi ya noti ambayo mghushi asingeweza kuiiga. Mafundi waliletwa kutoka Uholanzi, kijiji kikajengwa kando ya kiwanda, na ujuzi wa kutia alama ndani ya karatasi ukabaki mikononi mwa watu wachache, wazazi wakiwaachia watoto. Mji ulikua ukizunguka ujuzi huo uliolindwa kwa makini.

Leo mkazi wa Tumba anaweza kumaliza mwaka bila kushika noti. Mkate, nauli, mchango wa harusi ya binamu, vyote hulipwa kwa kadi au kwa simu. Swish, huduma ya kutumiana fedha iliyoanzishwa na benki sita Desemba 2012, imefanya kwa Sweden kazi ambayo M-Pesa imeifanya kwa Kenya tangu 2007. Fedha imetoka kwenye karatasi ikaingia kwenye programu, na programu ina mafundi wenye desturi nyingine kabisa. Tangu 2011 maelfu yao wametoa jioni zao na Jumamosi zao kuwafundisha watoto wa watu wengine namna ya kuiandika, bila kulipwa na bila kumtoza mzazi hata senti.

Historia ya klabu wanakofundishia ilianzia Ireland na Uingereza, ikaenea hadi Mombasa na Dar es Salaam, na nchini Sweden ikakuta udongo uliokwisha kulimwa. Kwa familia za vitongoji vya Stockholm zinazozungumza Kiswahili jikoni, ni historia inayowahusu watoto wao moja kwa moja.

Kijana wa Cork

James Whelton alikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa sekondari mjini Cork, kusini mwa Ireland. Kompyuta alijifunza mwenyewe. Jina lake lilivuma alipofaulu kuingia ndani ya iPod Nano na kuifanya itende mambo ambayo waundaji wake hawakukusudia, na wanafunzi wenzake wakaanza kumfuata wakitaka awaonyeshe. Mwanzoni mwa 2011 akafungua klabu shuleni kwake, Presentation Brothers College. Masomo ya kwanza yalikuwa HTML na CSS, yaani namna ya kupanga maandishi na picha kwenye kioo cha kompyuta na kuvipa sura.

Mwaka huohuo alikutana na Bill Liao, mfanyabiashara mzaliwa wa Australia aliyekuwa akisaidia miradi ya kijamii. Liao aliona kwamba klabu ile ingeweza kuvuka ukuta wa shule moja. Katikati ya 2011 wawili hao wakafungua kikao cha kwanza kilichokaribisha watoto wote, katika jengo la National Software Centre pale Cork, wakakiita CoderDojo.

Habari zilienea haraka. Wazazi wa Dublin waliendesha magari zaidi ya kilomita 250 kuwaleta watoto wao Cork kwa kikao cha saa chache, kisha wakarudi nyumbani usiku. Haukupita muda Dublin ikapata klabu yake, na miji mingine ikafuata.

Kilichozifanya klabu hizo ziongezeke upesi ni masharti yake machache. Yeyote aliruhusiwa kutumia jina la CoderDojo mahali popote duniani, mradi watoto waingie bure na mlango uwe wazi kwa kila mmoja. Umri uliokubaliwa ulikuwa miaka 7 hadi 17. Mzazi wa mtoto mdogo hakuruhusiwa kumtupa mlangoni na kwenda madukani. Alitakiwa kubaki, akae, na ikiwezekana ajifunze naye. Kanuni ya tabia ilikuwa moja tu, kwamba kila mtu awe mwenzi mzuri kwa wengine, na uonevu, uongo na kuwapotezea wenzako muda vilihesabiwa kuwa kinyume cha hapo.

Kisha kulikuwa na desturi ambayo wakufunzi wa klabu hizi wanaikumbuka kuliko maandishi yoyote ya katiba: mtoto akikwama, awaulize wenzake watatu kwanza, ndipo amwite mkubwa. Desturi hiyo ilimpunguzia kazi mkufunzi aliyekuwa peke yake na watoto ishirini. Lakini faida yake kubwa ilikuwa kwa mtoto aliyeulizwa. Msichana wa miaka kumi aliyeeleza kwa nini mchezo wa jirani yake hauhesabu alama alikuwa tayari ameanza kufundisha, na alijua hivyo.

Matunda ya kwanza yalionekana mapema. Mvulana wa miaka 12 kutoka Cork, aliyepita katika klabu ya kwanza, alitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Pizzabot, ukauzwa katika duka la programu la Apple. Mwaka 2012 watu wa kujitolea wa Dublin walianzisha Coolest Projects, maonyesho ambapo watoto husimama mezani na kueleza walichokitengeneza kwa kila mgeni anayepita. Mwaka 2013 ukaundwa mfuko wa CoderDojo Foundation, ili kuwe na ofisi ndogo ya kuwasaidia waanzilishi wapya.

London yachukua njia nyingine

Wakati Ireland ikijaza kumbi za Jumamosi, wanawake wawili waliokuwa Uingereza walianza mahali pengine: darasani, kengele ya mwisho ikishalia. Clare Sutcliffe na Linda Sandvik, huyu wa pili mzaliwa wa Norway, walianzisha Code Club mwaka 2012. Walilenga watoto wa miaka 9 hadi 11, na walijua shule nyingi hazikuwa na mwalimu wa kuandika programu. Mhandisi wa kujitolea angeweza kuja saa moja kwa wiki, lakini mhandisi huyo mara nyingi hajui kumfundisha mtoto wa miaka tisa.

Dawa yao ilikuwa kuandika miradi hatua kwa hatua, kwa lugha rahisi na picha, hata mtu asiyewahi kusimama mbele ya darasa aweze kuongoza kikao. Mchezo wa kukamata mizimu, roketi inayopaa, sanduku la ngoma: kila mradi ulimalizika ndani ya kikao kimoja au viwili, na mtoto alikwenda nyumbani na kitu kinachofanya kazi. Miradi ilitolewa bure. Baadaye ilitafsiriwa katika lugha nyingi, na wafasiri nao walijitolea.

Mwaka huohuo, tarehe 29 Februari, kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi iliingia sokoni. Ilikuwa kibao kinachoenea kiganjani, bei yake dola 35. Eben Upton na wenzake wa Cambridge waliiunda kwa sababu waliona waombaji wa shahada ya kompyuta wakipungua, na wale waliokuja wakiwa hawajawahi kuchezea mashine kwa ndani kama vijana wa miaka ya 1980. Mauzo ya kibao hicho yalisaidia kugharimia kazi ya elimu ya Raspberry Pi Foundation. Code Club ilijiunga na mfuko huo mwaka 2015. Mwaka 2017 CoderDojo Foundation ikafuata, wakati ambapo vikundi vyake vilikuwa zaidi ya 1,250 katika nchi 69, na watoto wapatao 35,000 wakihudhuria mara kwa mara.

Wazee wa kazi

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko klabu hizi. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alishirikiana na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon huko Massachusetts kuunda Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Mtoto alimwamuru kobe wa kompyuta aende mbele na ageuke, na kobe akachora. Papert aliamini kwamba mtoto anayeiamuru kompyuta hujifunza hesabu kwa namna ambayo daftari halitoi. Mapema katika miaka ya 1980 wazo lake lilifika Senegal, ambako watoto wa shule Dakar walipewa kompyuta na Logo katika mradi ulioungwa mkono kutoka Paris. Kwa hiyo Afrika ilikuwemo katika habari hii miaka thelathini kabla ya Cork.

Mwaka 1993 Mitchel Resnick na Natalie Rusk walishiriki kufungua Computer Clubhouse mjini Boston, chumba ambacho vijana wa familia zenye kipato kidogo waliingia bure baada ya shule na kukuta mashine, vifaa na watu wazima wa kuwaelekeza. Ni kutokana na kuwaangalia vijana wa vyumba vya namna hiyo kwamba kikundi cha Resnick katika chuo cha MIT kilitengeneza Scratch, lugha ya kompyuta ya watoto iliyotolewa kwa umma mwaka 2007. Klabu za kujitolea zilipozaliwa, zana yao ilikuwa tayari, bure, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu.

Pembe tatu

Ili kuelewa kinachotendeka klabuni inafaa kusogea karibu na meza moja.

Mtoto wa miaka tisa anafungua Scratch. Katikati ya kioo amesimama paka wa rangi ya chungwa. Pembeni kuna vipande vya rangi vinavyoshikamana: bluu kwa mwendo, manjano kwa tukio linaloanzisha kazi, na vingine kwa sauti, sura na hesabu. Hakuna cha kuandika kwa herufi, kwa hiyo hakuna nukta iliyosahauliwa ya kuharibu kila kitu. Mtoto anaambiwa amfanye paka achore mraba. Anaweka kipande cha kushusha kalamu, kisha cha kurudia mara 4. Ndani yake anaweka cha kwenda hatua 100 na cha kugeuka digrii 90. Anabofya bendera ya kijani. Mraba unatokea, na anapiga makofi.

Sasa pembe tatu. Mtoto anajua kutoka shuleni kwamba pembe za ndani za pembe tatu iliyo sawa pande zote ni digrii 60. Anabadilisha 4 kuwa 3, na 90 kuwa 60. Anabofya. Paka anachora mistari mitatu isiyofunga umbo, nusu ya umbo lenye pande sita.

Hapo ndipo mkufunzi mzuri anapojulikana. Yule mwenye haraka hunyoosha mkono, akachukua kipanya na kurekebisha mwenyewe. Yule aliyezoea huweka mikono nyuma na kusema, “Simama. Sasa wewe ndiye paka. Tembea.” Mtoto anatembea sakafuni hatua tatu, anafika kwenye kona, na anageuka. Anagundua kwa mwili wake kwamba amegeuka zaidi ya alivyodhani, kwa sababu paka hugeuka kwa pembe ya nje ya umbo, na hiyo ni digrii 120. Anarudi kwenye kiti, anaandika 120, na pembe tatu inafungika.

Kisha mwenzake wa jirani, aliyekuwa akitazama, anauliza umbo la pande tano linataka ngapi. Wanagawa 360 kwa 5. Wanapata 72. Wanajaribu 8, wanajaribu 20, na kwa pande 36 wanaona karibu duara. Hakuna aliyewaambia kwamba wanasoma jiometri.

Udongo wa Sweden

Klabu hizi zilipofika Sweden hazikuanza kutoka sufuri. Nchi hiyo ilikuwa na desturi ndefu ya watu wazima kufundishana wenyewe. Vyuo vya kwanza vya wananchi, folkhögskola, vilifunguliwa mwaka 1868 ili kuwapa vijana wa wakulima elimu ambayo vyuo vikuu havikuwapa. Mwaka 1902 Oscar Olsson alianzisha mjini Lund duara la kujisomea, ambapo kikundi kidogo kilikutana, kikanunua vitabu kwa pamoja na kujadiliana bila profesa. Vyama vya wafanyakazi, makanisa na vyama vya kupinga ulevi vikaichukua njia hiyo, na mpaka leo duara la kujisomea ni jambo la kawaida katika mji wowote wa Sweden, likisaidiwa na ruzuku ya serikali.

Msomaji wa Tanzania anaijua desturi hii hata kama hajaisikia kwa jina hilo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 wakati wa Mwalimu Nyerere, vilichukua mfano wake kutoka kwenye folkhögskola za Sweden. Zaidi ya vyuo 50 bado vinafanya kazi, vikifundisha useremala, ushonaji, kilimo na ufundi umeme.

Kompyuta nazo ziliingia nyumba za Sweden mapema. Mwaka 1978 kiwanda cha Luxor mjini Motala kilianza kuuza ABC 80, mashine iliyoingia katika shule nyingi na ambayo juu yake wahandisi wengi wa leo waliandika programu yao ya kwanza. Mwaka 1998 serikali ikaondoa kodi kwa kompyuta ambazo waajiri waliwakodishia wafanyakazi wao kwa matumizi ya nyumbani. Kwa mpango huo mfagizi na mtaalamu wa benki waliweza kupeleka nyumbani mashine ya aina ileile. Kizazi kilichokua na mashine hizo ndicho kilichotengeneza michezo na huduma zinazojulikana duniani kote. Minecraft, iliyoanza kuonekana 2009 kutoka kampuni ya Mojang ya Stockholm, iliuzwa kwa Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Mtoto wa kitongojini aliyeicheza aliishi safari fupi ya treni kutoka ilikotengenezwa, na swali lake lilikuwa la haki: mimi naanzia wapi?

Chama cha Kodcentrum ndicho kilichojitahidi kulijibu kwa upana. Tangu katikati ya miaka ya 2010 chama hicho kisicho cha faida kimekuwa kikiendesha kodstuga, vikao vya bure ambapo wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi wa kampuni za teknolojia huwaongoza watoto wa shule kwa Scratch na zana nyingine za mwanzo. Vikao hukaa katika maktaba, shule na ofisi ambazo jioni zingekuwa tupu.

Machi 2017 serikali ya Sweden iliamua kwamba kuandika programu kutakuwa sehemu ya mtaala wa shule ya msingi, ndani ya hesabu na teknolojia, na agizo likawa la lazima kuanzia 1 Julai 2018. Walimu wengi hawakuwa wamesomea jambo hilo. Kazi ya watu wa kujitolea ikabadilika: kando ya mtoto sasa aliketi pia mwalimu wake, aliyehitaji kuona mara moja namna paka anavyofunga pembe tatu kabla ya kusimama mbele ya darasa lake.

Tumba na majirani zake

Tumba ni makao makuu ya manispaa ya Botkyrka, ambayo ndani yake kuna pia Alby, Fittja, Hallunda, Norsborg na Tullinge. Zaidi ya nusu ya wakazi wa manispaa hii ama wamezaliwa nje ya Sweden ama wazazi wao wote wawili wamezaliwa nje. Mikutano ya wazazi shuleni huwa na wakalimani. Katika Sweden kwa jumla, miongoni mwa wanaozungumza Kiswahili wapo Wakongo wa Kivu waliopokelewa kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa baada ya kukaa miaka katika kambi za Uganda, Rwanda au Tanzania. Wapo Watanzania na Wakenya waliokuja kwa masomo, ndoa au kazi. Wapo Wasomali na Warundi waliokijua Kiswahili njiani.

Kwa mtoto wa familia kama hizi klabu ya bure ina uzito wa pekee. Somo la ziada la kulipiwa ni mzigo kwa mzazi anayesafisha ofisi alfajiri na kulea wazee mchana. Mzazi asiyejua Kiswidi vizuri pia huona haya kuingia mahali penye fomu nyingi. Klabu inayomwambia “kaa na mwanao” inamwondolea haya hiyo, maana hapo hakuna anayemtaka aandike insha. Na Scratch, miongoni mwa lugha zaidi ya 70 za menyu yake, ina Kiswahili. Mama aliyesomea Bukavu anaweza kufungua menyu ya lugha, akachagua Kiswahili, na ghafla akavisoma vipande ambavyo mwanawe amevizoea kwa Kiswidi. Kwa jioni hiyo mtoto ana mtu wa kumweleza nyumbani.

Sheria ya shule ya Sweden inampa mtoto haki ya kusoma lugha ya nyumbani, mradi kwa kawaida wapatikane wanafunzi watano wanaoiomba na mwalimu anayefaa. Walimu wa lugha za nyumbani na klabu za programu wangeweza kufaidiana sana. Hadithi anayoitunga mtoto kwa Kiswahili, sungura na fisi wakijibizana, huweza kuwa mchezo wa Scratch wenye sauti yake mwenyewe aliyoirekodi.

Afrika Mashariki ilijiwekea msingi

Itakuwa kosa kudhani kwamba mambo haya yalitiririka kutoka Ulaya kwenda Afrika tu. Nairobi ilikuwa na AkiraChix mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya kikao cha kwanza cha Cork. Waanzilishi wake, akiwemo Judith Owigar, walikuwa wanawake vijana wa fani ya kompyuta waliochoka kuwa peke yao katika vyumba vilivyojaa wanaume, wakaamua kuwafundisha wasichana wa familia maskini. Mwaka 2013 Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls jijini Dar es Salaam, akafungua klabu za wasichana katika shule za sekondari.

Mwaka 2015 wiki ya Africa Code Week ilifanyika kwa mara ya kwanza, ikiongozwa na kampuni ya SAP pamoja na washirika, kati yao kituo cha elimu cha Galway nchini Ireland na Cape Town Science Centre. Zaidi ya vijana 88,000 katika nchi 17 walishiriki. Walimu wa Galway waliokuwa wamezoea klabu za kwao sasa waliwafundisha wakufunzi wa Afrika, na wakufunzi hao wakarudi kwenye madarasa yao.

Mombasa, shirika la Tech Kidz Africa limeshirikiana na Raspberry Pi Foundation kueneza Code Club katika shule za pwani. Aprili 2022 taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa Kodris Africa wa kufundisha kuandika programu katika shule za msingi na sekondari. Vikwazo vinajulikana: umeme unaokatika, kompyuta tano kwa wanafunzi hamsini, na gharama ya bando. Wakufunzi wamejifunza kutumia Scratch isiyohitaji intaneti, kuwaketisha watoto watatu kwa mashine moja na kuwapokezana kipanya, na kufanya nusu ya somo sakafuni, watoto wenyewe wakitembea kama paka.

Miaka migumu

Machi 2020, kwa sababu ya janga la UVIKO-19, milango ya klabu ilifungwa karibu dunia nzima. Baadhi ya vikundi vilihamia kwenye simu za video, na wakufunzi wakagundua ugumu wa kumsaidia mtoto ambaye kioo chake hawakioni. Vikundi vingine havikufunguliwa tena, kwa kuwa mtu aliyevibeba peke yake alikuwa amechoka, amehama kazi au amepata mtoto wake mwenyewe. Huo ndio udhaifu wa taasisi inayosimama juu ya hiari, na waliodumu ni wale waliogawana mzigo mapema: mmoja wa chumba, mmoja wa orodha, wawili wa kufundisha.

Mabishano nayo hayakukosekana. Mwaka 2023 serikali ya Sweden ilitenga krona milioni 685 kununua vitabu vya shule, ikisema watoto wamewekwa mbele ya vioo kupita kiasi. Wazazi wengi waliunga mkono, na wana sababu. Watu wa klabu hawahitaji kupingana nao. Mtoto anayetelezesha kidole kwenye video kwa saa mbili na mtoto anayetafuta kwa nini paka wake hageuki wanatazama kioo, lakini wa pili anapima, anakosea, anasimama, anamuuliza jirani na anaandika upya. Tangu mwisho wa 2022, baada ya ChatGPT kuanza kutumiwa na umma, swali limekuwa kali zaidi, kwani mashine sasa huandika programu yenyewe. Mtoto aliyetembea pembe tatu kwa miguu yake ana namna ya kujua kama jibu la mashine ni sahihi.

Jambo jingine ni usalama. Tangu Desemba 2013 sheria ya Sweden inaruhusu vyama kudai dondoo ya rekodi ya polisi kwa mtu anayetaka kuwahudumia watoto, hata akiwa wa kujitolea. Klabu makini hudai karatasi hiyo bila kumwonea mtu aibu, na huhakikisha hakuna mkubwa anayebaki peke yake na mtoto.

Kufungua mlango Tumba

Waliozijenga klabu hizi wengi wao hawana majina kwenye vitabu. Ni wahandisi waliotoka kazini saa kumi na moja na kupanda treni na begi la chaja. Ni wanafunzi wa chuo, wakutubi waliobaki baada ya saa za kazi, walimu wa hesabu waliokubali kuonekana hawajui. Wengine walianza wakiwa watoto wa klabu hizohizo, wakafikisha miaka 17, wakahamia upande wa pili wa meza.

Kikundi kipya hakihitaji mengi. Maktaba ya Tumba, shule au ukumbi wa chama unaweza kutoa chumba. Mashirika ya elimu ya watu wazima na manispaa yana taratibu za kusaidia vyama. Scratch na miradi ya Code Club ni bure. Kompyuta kuukuu kumi zinatosha watoto ishirini wakikaa wawiliwawili. Wanahitajika wakubwa watatu au wanne, na mmoja wao tu ndiye anayelazimika kujua kuandika programu. Wengine watapokea watoto mlangoni, wataandika orodha, wataandaa juisi na mandazi, na watakaa kando ya mtoto wakimuuliza anataka kufanya nini sasa. Muhula wa vuli katika shule za Sweden huanza katikati ya Agosti, na mwenye nia atafanya vizuri kuulizia chumba kabla shule hazijafungwa Juni.